Kilele cha Serikali Kilipohama

Nchi ya Usikivu haimo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuiona, kwa hiyo msomaji atakayedhani ameitambua na ajisahihishe mwenyewe kabla hajasahihishwa. Ni nchi nzuri. Serikali yake husikia kila kitu, hata maneno ya mtu aliyelala, na wananchi nao husikia wanachoambiwa, ndiyo maana kuna utulivu. Katika nchi hiyo, kando ya ziwa pana lenye maji ya kijani, kuna mji wa mapumziko uitwao Izinga. Watu huenda Izinga kwa mambo mawili: kupanda mlima, na kutazama vivutio ambavyo havipatikani mahali pengine popote. Ukishaviona unaelewa kwa nini havipatikani.

Mlima wa Izinga una vilele viwili, kimoja cha Mungu na kimoja cha serikali. Cha Mungu kiko juu kabisa, kwenye mawingu, mahali ambapo mlima unaishia. Cha serikali kiko chini yake sana, penye jiwe bapa lililozungushiwa mnyororo, na habari zake ni hizi. Mwaka mmoja Mlezi Mkuu, yaani kiongozi wa nchi, alikuja kupanda mlima ili kuhamasisha utalii. Alipofika kwenye lile jiwe pumzi zilimwishia. Akakaa, akajipangusa uso kwa taulo, akasema, "Haya, tumefika."

Wapambe wake walitazama juu wakaona mlima bado unaendelea. Wakatazamana. Katika nchi ya Usikivu, Mlezi Mkuu hakosei, na ikitokea jambo likapishana na kauli yake, jambo ndilo linalorekebishwa. Jioni ile redio ikatangaza kwamba Mlezi Mkuu amefika kileleni akiwa mwenye afya na bashasha. Haukupita muda wakaja wapimaji, wakasimika nguzo pale penye jiwe, na sehemu yote ya mlima iliyobaki juu yake ikaingizwa kwenye kumbukumbu za nchi kuwa ni anga.

Tatizo dogo lilikuwa kwamba huko angani kulikuwa na watu. Kulikuwa na kijiji kizima, Rwamba, chenye migomba, kahawa, kanisa la bati na mbuzi wengi wakorofi. Kwa siku moja watu wa Rwamba waliondolewa Wizara ya Ardhi wakakabidhiwa Mamlaka ya Anga, ambayo ilituma ofisa kuwauliza kwa nini hawajashuka mpaka sasa, kisha akawaandikisha wote kuwa abiria. Muuguzi wa zahanati yao alihamishwa, kwa sababu serikali haina nafasi ya muuguzi wa angani. Bomba la maji likakatwa pia. Mhandisi aliyelikata alieleza kwa upole kwamba maji hutoka angani kuja kwa watu, hayapelekwi angani, na kwamba yeye hawezi kupingana na maumbile. Mwisho likawekwa lango penye jiwe, na mwananchi wa Rwamba akitaka kwenda mjini alipaswa kuonyesha kibali cha kutua.

Kibali hicho kilitolewa na Mkurugenzi wa Vivutio peke yake, ofisini kwake mjini, na mwombaji alitakiwa afike mwenyewe. Kwamba mwombaji hawezi kufika mwenyewe bila kibali, hilo lilikuwa limeshaonekana na lilikuwa likifanyiwa kazi.

*

Adventina Kokuhirwa alizaliwa Rwamba, akatua mjini kabla lango halijajengwa, akapata kazi ya kuongoza watalii. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha wageni mpaka kwenye jiwe, kuwapongeza kwa kufika kileleni, na kuwageuza. Mgeni akinyoosha kidole juu na kuuliza kile kijani pale ni nini, Adventina alijibu kama alivyofundishwa kwamba ni mawingu ya chini. Mgeni akisema anasikia jogoo, alijibu kuwa mawingu ya huku ndivyo yalivyo. Kila alipojibu hivyo aliona haya, maana jogoo mmoja katika wale alikuwa wa mama yake na alimjua kwa sauti.

Asubuhi ninayoisimulia, mji ulipambwa kuliko siku zote. Mlezi Mkuu alikuwa anarudi, baada ya miaka mingi, kukipanda tena kilele chake. Adventina ndiye aliyechaguliwa kumwongoza, na alikuwa anapiga pasi sare yake simu ilipoita. Alikuwa Buberwa, kiongozi wa chama cha machela cha Rwamba, kile cha kubeba wagonjwa.

"Adventina, usishtuke," alisema Buberwa, na mtu akianza hivyo hakuna asiyeshtuka. "Mama yako aliteleza juzi kule korongoni akienda kuchota maji. Mguu umevunjika vibaya, na tangu jana homa haishuki. Tumembeba toka alfajiri tumlete hospitali. Sasa tuko hapa langoni. Sajini Zabroni anasema leo anga limefungwa mpaka Mkubwa apande, ahutubie, ashuke."

"Mmemlaza wapi?"

"Tumlaze vipi tena? Machela iko mabegani."

Adventina alielewa. Huko Rwamba machela ikishainuliwa na mgonjwa juu yake haiwekwi chini mpaka mgonjwa afike anakopelekwa. Na yeyote anayekutana nayo njiani, awe nani, anaweka bega lake chini ya mti na kutembea nayo kidogo ndipo aendelee na safari zake. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko serikali, na hakuna mtu wa Rwamba aliyewahi kuivunja. Basi wanaume wale walikuwa wamesimama langoni na mama yake mabegani tangu jua halijatoka, wakipokezana, huku Sajini Zabroni, mlinzi wa lango, akiwaomba radhi. Zabroni hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kufuata amri. Alishaikagua machela kama chombo cha anga, akasikitika kwamba haina taa za mabawa.

"Mpe mama simu," alisema Adventina.

Sauti ya mama yake ilikuja nyembamba. "Mwanangu, umekula?"

Adventina akakata simu kabla hajalia, akaenda kumtafuta Mkurugenzi.

*

Mkurugenzi wa Vivutio, Bwana Projestus Rutabo, alikuwa mtu wa suti na kauli ndefu. Adventina alimkuta ufukweni akisimamia vijana waliokuwa wakichana mchanga kwa reki ili uelekee upande mmoja.

"Bwana Mkurugenzi, naomba kibali kimoja tu. Mama yangu amevunjika mguu, yuko langoni."

"Pole sana. Anatokea wapi?"

"Rwamba."

"Rwamba," alirudia Mkurugenzi, akitazama ziwa kama mtu anayejaribu kukumbuka. Mkononi alikuwa na kikombe cha kahawa ya Rwamba, na alikuwa akinunua hiyo tu, kwa sababu alisema nyingine zinamchoma kifua. "Binti, nikuulize. Mimi nikitia sahihi kwamba mtu ameshuka kutoka mahali ambapo hapapo, nitakuwa nimesema kweli au uongo?"

"Utakuwa umeokoa mtu."

"Hilo ni suala la Wizara ya Afya. Mimi niko Vivutio." Akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza akaonekana na wasiwasi wa kweli. "Nisikilize. Leo kazi yako ni moja. Mkubwa amezeeka, anachoka haraka. Akikuuliza kama bado mbali, unamjibu hapo tu. Asikae popote mpaka jiwe. Nimeshaondoa kila kinachokalika njia nzima. Umenielewa? Asikae."

Adventina alimwelewa vizuri kuliko alivyodhani. Nyumba mpya ya ghorofa ya Bwana Rutabo ilijengwa kwenye kona ya tatu ya njia ya mlima, chini ya jiwe, jirani na Hoteli ya Mandhari ambamo yeye na wakubwa wengine kadhaa walikuwa na hisa. Usiku uliotangulia alikuwa amewalipa vibarua wang'oe kila jiwe, kila kisiki na kila benchi kutoka mjini mpaka kileleni. Hata mbuyu mdogo, ambao mizizi yake ilikuwa imejitokeza kidogo juu ya ardhi, ulifungiwa miba.

*

Mlezi Mkuu aliteremka kwenye gari akiwa mfupi kuliko picha zake. Alikuwa mzee mwenye macho ya uchovu na viatu vipya vilivyomkaza, na alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa kidogo wakati akisikiliza, kama mtu ambaye sikio moja limechoka. Alimpa Adventina mkono.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye utakayenichosha leo?"

Wapambe wakacheka sana, mmoja akacheka mpaka akafuta machozi, halafu akatazama kama wengine wamemwona.

Kabla ya mlima kulikuwa na vivutio. Cha kwanza kilikuwa Samaki Mkuu, sanamu la saruji la sangara lililo refu kuliko mtumbwi, lililojengwa ufukweni mwaka ule ambao samaki wenyewe walianza kuadimika. Mkurugenzi alieleza kwa fahari kwamba samaki huyu hahami, haozi, na idadi yake haijapungua tangu azinduliwe. Wavuvi wenye leseni walikuwa wamepangwa mbele yake na nyavu zao kavu, wakipiga makofi.

Cha pili kilikuwa Jumba la Taulo. Humo, ndani ya sanduku la kioo, ilihifadhiwa taulo ambayo Mlezi Mkuu alijipangusia jasho siku ile ya kwanza. Mwaka uliopita mfanyakazi mgeni aliifua kwa bahati mbaya, jambo ambalo wananchi hawakuambiwa, na jasho likarejeshwa kwa juhudi za watumishi wote wa idara, ambao walikimbia kulizunguka jumba tangu asubuhi hadi saa ya chakula. Mlezi Mkuu aliitazama taulo ile kwa muda.

"Ilikuwa ya bluu," alisema.

"Ndivyo ilivyo, Mheshimiwa," alijibu Mkurugenzi, akiitazama taulo nyeupe. Nyuma yake mtu mmoja alitoka mbio kwenda kutafuta rangi.

Adventina alikuwa akitabasamu inapotakiwa na kunyoosha mkono inapotakiwa, lakini roho yake haikuwa pale. Kila walipotoka nje alitazama juu. Kutoka ufukweni jiwe huonekana kama punje, na kando ya punje hiyo aliona kitu cheusi kilichosimama bila kusogea. Jua lilikuwa limeshapanda. Alijua mwendo wa mzee huyu utakavyokuwa. Watafika kwenye jiwe jioni, itasomwa risala, itachezwa ngoma, itatolewa hotuba, na wanaume wa Rwamba watakuwa bado wamesimama. Mama yake hawezi kungoja hivyo.

*

Msafara ukaanza kupanda. Mbele kabisa alitangulia Mkurugenzi na watu wake, wakipekua njia wasije wakakuta jiwe lililosahaulika. Katikati alikwenda Mlezi Mkuu na Adventina, na nyuma yao askari wawili wamebeba kisanduku cha mbao ambacho Mkubwa angekipanda akihutubia, ili awe juu kidogo kuliko kilele. Kisha wapambe, kisha wapimaji ambao siku hizi hawaachwi nyuma, kisha wapiga ngoma.

Kwenye kona ya kwanza Mlezi Mkuu alisimama akahema. "Bado mbali?"

"Hapo tu, Mheshimiwa," walijibu wapambe kwa pamoja.

Haikuwa hila yao peke yao. Watu wote wa mlima ule hujibu hivyo. Muulize mtu wa Izinga umbali wa mahali popote, hata kama utafika kesho, atakwambia ni hapo tu, na hakudanganyi, anakuonea huruma. Mama yake Adventina ndiye aliyemfundisha: mtu aliyechoka ukimwambia kweli, miguu yake inasikia kabla ya masikio, na inakataa palepale. Basi hapo tu ni namna ya kumshika mtu mkono.

Mzee akapanda tena. Hatua kidogo mbele akauliza tena, akajibiwa hapo tu. Akapanda. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni na midomo imekauka. Alitupa macho huku na huku akitafuta pa kukaa, akaona ardhi imekwanguliwa safi pande zote.

"Mlima huu zamani ulikuwa na mawe," alisema.

"Yamepelekwa kwenye maendeleo, Mheshimiwa," alijibu mpambe mmoja.

Ndipo wakafika Bonde la Mwangwi, kivutio cha tatu. Zamani bonde hili lilikuwa na mwangwi wa kawaida, lakini mwangwi huo ulizoea kurudisha maneno bila kujali nani kayasema, hata ya wavuvi wenye malalamiko, basi ukabadilishwa. Sasa kulikuwa na Mwangwi Rasmi, wenye waajiriwa wawili waliofichwa nyuma ya mwamba na vipaza sauti. Mmoja alihusika na mwangwi wenyewe. Mwingine, mwenye cheo cha chini, alihusika na mwangwi unaofifia. Siku za kawaida walichuja maneno, lakini kwa ajili ya leo walikuwa wamepewa amri nyepesi, kwamba kila litakalosemwa kwenye msafara wa Mkubwa lirudishwe lote bila kupunguza, kwani katika msafara wa Mkubwa hakuwezi kusemwa neno baya.

Mlezi Mkuu alisimama katikati ya bonde, akashika kiuno. "Bado mbali?"

"Hapo tu, Mheshimiwa."

"Sikuwauliza nyinyi." Akamgeukia Adventina. Hakuwa na ukali wowote, alikuwa mzee aliyechoka anayeuliza njia. "Nimekuuliza wewe, mwanangu. Wewe ndiye mwenye mlima. Bado mbali?"

Adventina alitazama juu. Mbele, kwenye kona ya tatu, Mkurugenzi alikuwa amegeuka na kumkazia macho, akitamka bila sauti yale maneno mawili. Juu zaidi, machela ilikuwa ikihama kutoka mabega haya kwenda mabega yale. Maneno ya mama yake yalimjia, kuhusu miguu inayosikia kabla ya masikio. Maisha yake yote alikuwa amewashika watu mkono kwa hapo tu. Akapiga moyo konde.

"Bado sana, Mheshimiwa."

"Bado sana, Mheshimiwa," ulisema Mwangwi Rasmi, bonde zima.

"Sana, Mheshimiwa," alimalizia yule wa cheo cha chini.

Ngoma zilinyamaza. Mpambe mmoja alianza kupiga makofi kwa mazoea, akaacha. Wengine walitazama viatu vyao, na kila mmoja akasogea pembeni kidogo, ili wakati wa kumkamata msichana yule asije akakamatwa naye.

Mlezi Mkuu aliinamisha kichwa chake upande wa sikio zima, kama anataka kusikia tena. "Tangu nishike nchi hii," alisema mwishowe, polepole, "naambiwa hapo tu. Barabara, hapo tu. Umeme, hapo tu. Nikajua nina kosa mimi, labda natembea vibaya." Akaguna. "Bado sana. Kumbe."

Askari wawili walikuwa wameshusha kisanduku cha hotuba wapumzishe mikono. Mzee alikiona.

"Asikae!" Mkurugenzi aliporomoka mlimani suti ikipepea. "Mheshimiwa, hapo tu, nakuhakikishia, hapo tu kabisa, nyuma ya nyumba yangu!"

"Nyumba yangu," ulisema Mwangwi Rasmi.

Lakini Mlezi Mkuu alikuwa ameshakaa. Alivua kiatu kimoja, akakunjua vidole, akafumba macho kwa raha ambayo hakuna kivutio kilichompa siku nzima.

"Haya," alisema. "Tumefika."

"Tumefika."

"Fika."

*

Katika nchi ya Usikivu mambo ya maendeleo huchukua miaka, lakini yale ya itifaki hayachelewi. Wapimaji walikuwa wameshasimika nguzo kabla mzee hajavua kiatu cha pili. Mmoja alichora mstari ardhini kwa chokaa, mwingine akapiga simu, na redio ya askari ikatangaza mlima mzima kwamba kilele kiko Bonde la Mwangwi, na kwamba kuanzia hapo kwenda juu ni anga.

Kule kwenye jiwe Sajini Zabroni alisikia tangazo, akapiga saluti. Amri yake ilikuwa kulinda lango la kilele. Kilele kikihama, lango linahama. Aling'oa mti wa lango, akauweka begani, akaanza kushuka nao kwa mwendo wa gwaride. Buberwa na wenzake walitazamana. Mbele yao hakukuwa tena na lango la kuwazuia, lilikuwa linatembea. Basi wakalifuata, machela mabegani, wakiimba wimbo wao wa kushukia, kwa sauti ndogo ili wasimwamshe mgonjwa.

Bwana Rutabo alikuwa bado upande wa juu wa mstari wa chokaa, akibishana na wapimaji, wakati Zabroni anaulaza mti wake mahali papya. Alitaka kupita.

"Kibali cha kutua, Bwana Mkurugenzi," alisema Zabroni.

"Zabroni, unanifahamu mimi."

"Nakufahamu, Bwana. Ndiyo maana naomba kwa adabu."

"Vibali natia sahihi mimi!"

"Ndiyo, Bwana. Ofisini." Zabroni akaonyesha mji kule chini, paa la ofisi likimeremeta kando ya ziwa. "Ila mwombaji lazima afike mwenyewe."

Mkurugenzi alitazama nyuma, juu, akaiona nyumba yake ya ghorofa, na Hoteli ya Mandhari, na bendera zake, vyote vikiwa vimening'inia angani. Macho yalimtoka pima.

Nyuma yake machela ikafika. Adventina alipita chini ya mti wa lango bila kumwomba mtu ruhusa, akamshika mama yake paji la uso. Lilikuwa la moto. Mama alifumbua macho akamtazama sare yake.

"Umepiga pasi vizuri," alisema.

"Mheshimiwa," Zabroni alisema kwa mashaka, "hawa nao hawana kibali. Na chombo hakina taa."

Mlezi Mkuu alikuwa anaitazama machela. Huenda alikuwa anamkumbuka bibi yake wa huko kwao milimani, huenda alikuwa anatafuta njia yoyote ya kushuka bila kuhutubia. Sitaki kutia chumvi. Ninachojua ni kwamba alisimama, peku, akasogea kwenye mti wa machela upande wa kushoto, akaweka bega lake chini yake, kama mtu aliyefundishwa hivyo utotoni. Wapambe walitaka kumzuia wakashindwa kujua wataanzia wapi. Na kwa kuwa Sajini Zabroni hakuwa na kifungu cha kumwomba Mlezi Mkuu kibali, aliinua mti wa lango, akapiga saluti, na machela ikapita.

Jioni televisheni ilionyesha Mlezi Mkuu akimbeba mwananchi kutoka angani hadi duniani. Buberwa alisema baadaye kwamba upande wa kushoto, tangu mzee ashike, mzigo uliongezeka, kwa maana alikuwa anaegemea. Mgonjwa naye aliligundua hilo.

"Baba," alimwambia, "kama umechoka achia. Usije ukaniangusha."

"Sichoki, mama," alijibu Mlezi Mkuu akihema.

Walishuka taratibu. Wapambe, walipoona Mkubwa ana bega kwenye machela, waligombea miti, kila mmoja akitaka aonekane kwenye picha, na kwa mara ya kwanza machela ya Rwamba ilikuwa na wabebaji wengi kuliko nafasi. Adventina alitembea ubavuni ameshika mkono wa mama yake. Njia ilikuwa ndefu, na hospitali ilikuwa bado upande wa pili wa mji.

"Bado mbali, mwanangu?"

"Hapo tu, Mama," alisema Adventina, na machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yakamtoka.

*

Mguu ulipona, ingawa umebaki mfupi kidogo. Adventina aliadhibiwa, kwa sababu alitamka hadharani kwamba mlima ni mrefu kuliko ulivyo. Hakufukuzwa, maana Mlezi Mkuu alimkumbuka kwa wema, bali alihamishiwa Mwangwi Rasmi, kwenye nafasi ya mwangwi unaofifia. Anaipenda. Anakaa kivulini, na mtalii akipiga kelele bondeni kuuliza kama bado mbali, ni yeye anayemalizia jibu, na hulimalizia anavyojua mwenyewe. Kisanduku cha mbao kiliwekwa kwenye sanduku la kioo jirani na taulo, ambayo sasa ni ya bluu.

Kilichoshangaza watu ni mambo ya angani. Mara baada ya wakubwa kugundua kwamba nyumba zao na hoteli yao viko huko, ilionekana kwamba anga lilikuwa limesahauliwa kwa muda mrefu mno, na katika mkutano wao wote wakasema hilo haliwezi kuvumiliwa. Anga likapata lami. Anga likapata umeme, na nguzo zake, kwa vile mkandarasi alilipwa kwa wingi wa nguzo, hazikuishia hotelini bali zilipanda mpaka Rwamba. Likapata maji, maumbile yakanyamaza. Likapata zahanati yenye muuguzi wa angani, wa kwanza katika historia ya Usikivu. Na vibali vya kutua vikawa vinatolewa hukohuko juu, na Mkurugenzi mwenyewe, kwenye meza iliyowekwa sebuleni kwake, ili naye aweze kwenda kazini.

Jumapili moja Adventina alipanda kumtembelea mama yake. Alimkuta amekaa nje kwenye kigoda, mguu ameunyoosha, akitazama bomba jipya uani likidondosha matone. Alikuwa anayasikiliza matone yale kwa furaha ambayo ilimfanya Adventina anyamaze kwanza asimkatishe. Barabarani Bwana Rutabo alipita na mbwa wake, akawasalimu kwa heshima, akauliza kama kahawa ya msimu huu imekauka. Ofisa wa Mamlaka ya Anga alikuwa amepita wiki ile kuandikisha abiria, na jina la Bwana Rutabo alilitaja kwa sauti mbele ya kanisa, baada ya jina la Buberwa.

Mama alingoja mpaka Mkurugenzi akate kona.

"Mwanangu," alisema, "maji yamekuja, taa imekuja, muuguzi amekuja. Kwa hiyo sasa serikali imekubali kwamba tupo?"

Adventina akaenda kulifunga bomba vizuri.

"Hapana, Mama. Bado hatupo. Ila sasa hatupo pamoja na wakubwa."